Mkate Uliong'atwa na Jiwe

Asubuhi jiwe lilipokuja mara ya kwanza, Zulhumor alikuwa ameinamia tanuri la uani, mkono wake umevaa glavu nene ya pamba iliyoungua vidoleni, akibandika mikate kwenye ukuta wa ndani. Jiwe liliingia kwa lango. Hilo lilimpendeza, maana kuku wa jirani hawakuwa na adabu hiyo, wao waliruka ukuta.

Lilikuwa jeusi kama mkaa uliozimwa kwa maji, refu kiasi, limebonyea katikati kama ganda la karanga. Lilielea juu kidogo ya ardhi na kujigeuza polepole, upande mmoja hadi mwingine, kama mtu asiyejua alale ubavu gani. Zulhumor alimaliza kwanza kubandika mkate wa mwisho, kwa kuwa unga ulioumuka haungoji mgeni, kisha akavua glavu.

"Karibu," akasema. "Nyumba ndiyo hii unayoiona."

Akatandika godoro jembamba kwenye kitanda kipana cha uani, chini ya mti wa mforosadi karibu na tanuri, upande ulio mbali na lango, ambao ndio wa heshima. Jiwe likaenda kukaa hapo. Akaliletea chai ya kijani na mkate wa moto. Kijijini Tangisoy mgeni haulizwi ametoka wapi mpaka amalize chai. Jiwe halikumaliza chai, kwa hiyo halikuulizwa.

Wa kwanza kuja kulitazama alikuwa jirani yake Hosiyat, mwenye kuku, aliyekuja kuazima hamira. Hosiyat alikuwa na hamira nyumbani kwake.

"Nani huyu?"

"Mgeni."

"Anakula?"

"Hajagusa kitu."

"Basi si wa ukoo wa marehemu mume wako," Hosiyat akasema, akakaa ukingoni mwa kitanda, akala yeye.

Wa pili alikuwa Lobar, binti kutoka Tashkent aliyefanya kazi kwenye darubini kubwa kule juu mlimani. Lobar alilala mchana kama popo na kila asubuhi, kabla ya kulala, aliteremka kununua mkate. Siku hiyo alisimama na mikate yake ndani ya leso, inamchoma, akalitazama jiwe kwa muda.

"Kumbe yuko hapa," akasema. "Tumempoteza kwenye picha tangu juzi. Mkuu wetu anasema ni mawingu."

"Mnamfahamu?"

"Ni asteroidi, mama. Tunamfuatilia tangu mwaka jana. Ana jina, lakini ni tarakimu na herufi, ukilisema utafikiri unasoma namba ya gari."

Lobar akaeleza, na Zulhumor akasikiliza huku akiteleka maziwa. Mgeni huyu alilizunguka jua kwa njia iliyokaribia kufanana na njia ya dunia, ila yake imeinama kidogo na imevutwa kidogo, na mwaka wake ni mrefu kuliko wetu kwa siku chache. Ni kama watu wawili wanaotembea barabara moja, kila mmoja upande wake, wasiosalimiana. Safari hii wamekaribiana. Baadaye mgeni ataachwa nyuma, ataachwa tena, na utapita umri mzima wa mtu kabla dunia haijazunguka na kumkuta tena. Tena huyu si jiwe moja. Ni changarawe na vifusi vilivyokubaliana kukaa pamoja, bila udongo, bila saruji, na ukimpiga teke la nguvu anaweza kuachana.

"Kama ukoo wa marehemu mume wako," Hosiyat akasema.

"Na kule juu," Lobar akaendelea, "ni mkubwa kuliko msikiti wenu pamoja na uwanja wake."

Zulhumor alilitazama jiwe lililokaa godoroni, halizidi kondoo aliyelala.

"Kajikunja," akasema. "Mgeni mwenye malezi hujikunja."

Lobar alifunga leso ya mikate yake. Alikwenda kulala.

Siku zilizofuata Zulhumor aliandaa chakula cha watu wawili, jambo ambalo mikono yake ilikuwa imelisahau, na mara mbili alitia chumvi ya mtu mmoja. Jiwe halikula wala halikusema, lakini lilikuwapo. Siku yake ilikuwa fupi. Jua lilichomoza na kuzama juu yake kabla sufuria ya pilau haijaiva, na upande uliotoka juani ulibaki na joto hata ulipogeukia kivulini. Zulhumor, ambaye vidole vyake vilimuuma kwa kukanda unga miaka yote, aliviweka pale penye joto na kuzungumza. Alizungumza juu ya bei ya unga, juu ya mbuzi aliyekufa, kisha, kama kila mara alipokuwa na msikilizaji, juu ya Elmurod.

Elmurod alikuwa mwanawe wa pekee. Aliondoka na basi la Normat kwenda Urusi kujenga majumba marefu. Normat ndiye aliyewapeleka vijana wote wa Tangisoy. Alikuja kila majira ya kuchipua na basi lake jeupe, akakusanya pasipoti za vijana kwenye mkoba wake ili zisipotee njiani, na baada ya hapo pasipoti hazikupotea kweli, zilikaa kwa Normat. Mwanzoni Elmurod alipiga simu kila wiki. Baadaye mwanamke mmoja mwenye sauti nzuri alianza kujibu kwa Kirusi kwamba namba hiyo haipatikani, na tangu hapo amekuwa akijibu yeye tu.

"Kabadilisha laini," Normat alisema alipoulizwa. Mwaka uliofuata aliulizwa tena, akasema kabadilisha laini. Elmurod alikuwa kijana wa kubadilisha laini kuliko wote waliopata kuzaliwa bondeni.

Mkate wake ulikuwa ukutani. Tangisoy, anayekwenda mbali hung'ata mkate mlangoni, mara moja tu, na uliobaki hutundikwa msumarini umngoje aje aumalize. Hakuna mwingine anayeugusa. Nyumba za kijiji hicho zina mikate mingi ukutani kuliko picha. Mkate wa Elmurod ulikuwa umekauka kama kigae, na kwenye pengo la kung'atwa ulionekana wazi ule ufa wa jino lake la mbele alilolivunja utotoni kwa kupasulia ganda la jozi, baada ya kukatazwa.

Siku za mgeni zilipotimia, jiwe liliondoka godoroni asubuhi moja na kuelekea langoni. Zulhumor alikuwa akitoa mikate tanurini. Mtu akielekea langoni, mkono wa mama wa Tangisoy haumuulizi mwenyewe ruhusa: alichukua mkate, akakimbia nao, akauinua mbele ya jiwe. Jiwe likaugusa likiwa linajigeuza. Lilipopita, mkate ulikuwa na pengo, na makombo hayakuonekana chini.

Alipokuwa akipigilia msumari wa pili ukutani, Hosiyat alisimama mlangoni na mikono kiunoni.

"Umelipatia jiwe mkate ling'ate?"

"Lilikuwa linaondoka."

"Haya. Umejitwika mkwe, sasa umngoje arudi."

*

Majira ya kuchipua yaliyofuata, aprikoti zikiwa zimechanua, jiwe likarudi. Likaingia kwa lango, likakaa mahali pale pale. Zulhumor akatandika, akateleka chai, akasema, "Umekonda," ingawa halikuwa limekonda.

Lobar aliteremka asubuhi hiyo bila leso ya mikate.

"Mama, huyu hakutakiwa kuwa hapa. Alitakiwa awe mbali, nyuma kabisa. Njia yake imebadilika. Mwaka wake sasa ni sawasawa na wetu. Ulimfanya nini?"

"Nilimpa mkate."

Lobar akaufikiria mkate.

"Ulikuwa umemweka wapi?"

"Hapo hapo. Karibu na tanuri."

"Ndiyo hiyo," Lobar akasema, akaketi. "Hawa, upande uliopigwa na jua ukiingia kivulini unapumua lile joto, na hiyo pumzi inawasukuma. Kidogo sana. Kama nzi anayesukuma mkokoteni. Lakini nzi mwenyewe hachoki, na miaka inapita, mkokoteni unahama. Sasa wewe umemkalisha siku zote zile pembeni ya tanuri."

"Alikuwa na baridi."

"Kama ni tanuri au kama ni mkate, mimi sijui nitaandika nini," Lobar akasema. "Najua tu anarudi, na kila akirudi anapita karibu zaidi. Itafika safari atakuja kwa haraka na kwa ukubwa wake wote, na hataweza kujikunja. Hapo Tangisoy haitakuwapo, wala mlima wetu."

"Lini?"

"Si leo, mama. Sisi tutakuwa tumekwenda zetu. Labda wajukuu."

"Wajukuu wa nani?" Zulhumor akauliza.

Lobar alifungua kinywa, kisha akachukua kipande cha mkate akakitia humo.

Mzee Hamdam, mwenyekiti wa kijiji, alikuwa na wajukuu wanne na wa tano njiani, kwa hiyo habari hiyo ilimfikia vibaya. Aliifikiria kipindi chote cha joto. Jiwe lilikuwa limeshaondoka, na watu walikuwa wameshalizoea kiasi cha kuhesabu tarehe kwalo: mbuzi huyu alizaliwa kabla ya jiwe, ukuta ule ulianguka baada ya jiwe. Vuli ilipofika na Normat akawa amerudi kutoka Urusi kupumzika, mzee Hamdam alikusanya wazee, akamwita na Lobar aje aeleze, na alasiri moja wote wakaja kwa Zulhumor.

Wakakaa chumba kikubwa, miguu imekunjwa kuzunguka kitambaa cha chakula. Hosiyat alikuja kusaidia kumimina chai, yaani kusikiliza. Ukutani, juu ya vichwa vyao, ilining'inia mikate miwili. Walizungumza kwanza juu ya mvua, kisha juu ya mavuno ya jozi, kisha juu ya mgongo wa mzee mmoja, kwa kuwa jambo la maana halifikiwi kwa njia ya mkato. Zulhumor aliwamiminia chai kidogo kidogo, chini ya nusu bakuli, kama inavyomiminwa kwa watu unaotaka waombe tena.

"Dada Zulhumor," mzee Hamdam akasema mwishowe, "yule mgeni wako."

"Hajambo."

"Tunajua hajambo, ndiyo shida yetu. Binti huyu anasema atatumaliza. Sasa sisi hatuna bunduki ya kupiga nyota. Lakini mkate tunao. Mtu huvutwa na mkate wake, na mkate ukiliwa na wengine njia yake inafungwa. Uteremshe wa jiwe, tuule hapa sote, iwe kama matanga ya mtu aliyefia ugenini. Litakwenda na njia yake ya zamani."

"Itasaidia?" mzee wa mgongo akamuuliza Lobar.

"Vitabu vyetu havijalisema hilo," Lobar akasema. "Lakini havikusema pia kwamba atarudi."

Wote wakamtazama Zulhumor. Yeye aliitazama mikono yake. Kwa watu wote waliowahi kutoka kwenye lango lile, na walikuwa wengi, jiwe ndilo pekee lililokuwa limerudi. Majirani wa Tangisoy walikuwa watu wema, walikuja kuazima hamira, walikuja kwenye misiba, kisha walikwenda kwao. Jioni zilikuwa ndefu. Na bado hakuwa mtu wa kumuua mjukuu wa mwenzake, hata mjukuu wa mjukuu, kwa ajili ya jioni zake.

"Sawa," akasema.

"Mungu akuzidishie," mzee Hamdam akasema, akapumua.

Normat, aliyekuwa amekaa karibu na ukuta, akainuka kusaidia, kwa kuwa alikuwa mtu mwepesi wa kusaidia. Akanyoosha mkono kwenye msumari.

"Huo wa mwanangu," Zulhumor akasema. "Wa jiwe ni huo mwingine."

Normat akaitazama mikate yote miwili. Kwa kweli ilifanana, migumu na yenye vumbi.

"Tuiteremshe yote, dada," akasema, "tusije tukakosea, mambo kama haya hayataki bahati nasibu. Huu wa Elmurod una nini? Hauna mwenyewe."

Alilisema kama mtu anavyosema mlango uko wazi. Kisha akasikia alichokisema. Mkono wake ukabaki juu.

Zulhumor aliwatazama mmoja mmoja, na kila aliyetazamwa alikuwa amegundua kitu ndani ya bakuli lake la chai. Mzee wa mgongo alikuwa na mtoto Urusi, kwenye jengo lile lile alikofanya kazi Elmurod. Hosiyat alikuwa na wawili.

"Nimesema kwa mdomo tu," Normat akasema. "Pengine kabadilisha laini."

Zulhumor akainuka. Akauteremsha mkate wa Elmurod, akaupangusa vumbi kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa. Mkate haukatwi kwa kisu, na ule ulikuwa mgumu kumegwa, kwa hiyo akaumiminia chai na kungoja ulainike, na watu wote wakangoja pamoja naye. Kisha akaumega.

"Huu ni mkate wa Elmurod," akasema. "Anayejua kwamba yu hai, asile."

Akaanza na mwenyekiti, kwa kuwa ndiye mkubwa. Mzee Hamdam alikishika kipande chake kwenye kiganja. Mkate haukataliwi Tangisoy, hata adui akikupa. Lakini si hilo lililomtia shaka, na kila mtu alijua. Akala. Mzee wa mgongo akala. Wengine wakala, kila mmoja kwa zamu, na sauti iliyosikika ni ya kutafuna. Hosiyat alikula ameupa ukuta uso. Lobar alikuwa ameshika chake.

"Mimi sijui chochote, mama," akasema.

"Wewe hujui, mwanangu. Weka."

Normat akala wa mwisho. Alitafuna muda mrefu, maana kilikuwa kipande cha pembeni, kile kikavu.

Hivyo ndivyo Zulhumor alivyopashwa habari. Akachukua birika, akaanza upande wa mlangoni, akawajazia mabakuli mpaka ukingoni, kila mmoja, na kila mmoja akaelewa kwamba bakuli lililojaa linaonyesha njia ya kwenda nyumbani. Wakanywa haraka, wakainuka, wakaomba dua, wakatafuta viatu vyao. Mkate wa jiwe ulibaki ukutani. Hakuna aliyeutaja.

Langoni alimshika Normat mkono wa koti.

"Amezikwa wapi?"

"Dada," Normat akasema kwa upole, "mimi ni basi tu. Napeleka wanaokwenda, narudisha wanaorudi."

Na kweli, basi lilikuwa limeegeshwa pale nje, limeoshwa.

*

Wakati wa baridi ulikuwa mrefu. Mzee Hamdam alimtumia Zulhumor nusu kondoo na gunia la mkaa, na hakuja mwenyewe. Hosiyat alikuja kila siku, akazungumza juu ya kuku, akazungumza sana, na alipoishiwa kuku alikwenda kwake. Zulhumor alijaribu mara moja kuuliza. Hosiyat alisema, "Tungekwambia nini, dada? Na wangu wako huko huko," na Zulhumor akammiminia chai, chini ya nusu bakuli.

Aprikoti zilipochanua, jiwe likaja. Safari hii lilijikunja kwa taabu, ikabidi nguzo moja ya lango ing'olewe. Vijana wa jirani waliing'oa bila kuitwa, wakaiegemeza ukutani, wakaenda kuendelea kufunga mizigo yao, kwa sababu ilikuwa pia wiki ya Normat.

Basi lilikuwa limesimama chini ya kijiji tangu alfajiri, na Normat amekaa mlangoni mwake na mkoba mapajani, akipokea pasipoti. Kabla jua halijapanda, Hosiyat aliingia uani kwa Zulhumor. Hakuazima kitu.

"Nipikie mkate mmoja," akasema. "Kitindamimba anakwenda."

Zulhumor akamtazama.

"Unampeleka na Normat?"

"Nimpeleke na nani? Kuna basi lingine?" Hosiyat akakaa ukingoni mwa kitanda, pembeni ya jiwe. "Akae hapa afanye nini, achunge kuku? Nipikie wewe. Mkate wako una nguvu. Kama umelirudisha jiwe kutoka huko lilikokuwa, utashindwaje na mtoto mwenye miguu?"

"Ulikula wa Elmurod."

"Nilikula."

"Na ulikuwa wa kwangu, nimeupika mimi."

"Labda ulikuwa mgonjwa siku hiyo. Labda unga," Hosiyat akasema, na hakumtazama. "Nipikie, dada yangu."

Nyuma ya Hosiyat, langoni palipokosa nguzo, walikuwa wamesimama wanawake wengine, wametulia, kila mmoja na unga wake kwenye bakuli chini ya kitambaa. Mkwe wa mzee Hamdam alikuwapo. Mke wa mzee wa mgongo alikuwapo.

Zulhumor akavaa glavu. Alipika mpaka tanuri likawa jeupe ndani. Jiwe lilikuwa palepale pembeni, na Lobar, aliyekuwa ameteremka kupima, alisema joto hilo litamsogeza tena, na hakuna aliyemjibu, na yeye mwenyewe akavua koti akaanza kukanda. Mikate ilitoka, wanawake wakaipokea na kuteremka nayo mbio hadi kwenye basi. Vijana wakang'ata kupitia madirishani, wakicheka, mmoja akajifanya ameng'oka jino. Normat akapiga honi. Basi likateremka bondeni, likakata kona, likawa vumbi.

Nyumba nyingi hazikuwa na misumari ya kutosha, na nyundo nzuri kijijini ilikuwa moja, ya marehemu mume wa Zulhumor. Wakaja kuiazima. Alasiri yote Zulhumor alikaa kitandani na mgeni wake, glavu bado mkononi, wakisikiliza nyundo ikihama kutoka nyumba hadi nyumba, mtaa wa juu kwanza, kisha wa chini.